"Light" ni maneno mawili, si moja

Katika maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wanafunzi wangu hapa Mwanza, "light" ndilo linaloonekana rahisi kuliko mengine, na ndilo linalowaangusha mara nyingi. Wanalijua kwa maana ya mwanga au taa, kisha wanakutana na "light rain", ambayo ni manyunyu, wakaanza kutafuta mwanga mahali usipokuwapo.

Jirani yangu, mvuvi wa dagaa, aliniletea katoni ya taa ya sola aliyoinunua ili aachane na karabai, ubavuni imeandikwa "lightweight light". Akauliza, "Mwalimu, hawa mbona wamerudia neno?" Nilimweleza kwamba la kwanza linahusu uzito na la pili mwanga. Kwake yote mawili yalikuwa na maana, kwani taa nzito ni usumbufu mtumbwini, na taa hafifu haivuti dagaa hata usiku wa giza, mwezi usipoingilia kazi.

Ukweli ni kwamba hapa hatuna neno moja lenye maana nyingi, bali maneno mawili yaliyokuja kufanana. Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, hadi leo huyatenganisha: "Licht" ni mwanga, na "leicht" ni -epesi. Kamusi nzuri za Kiingereza nazo huyapa vidahizo, yaani maingizo, tofauti, na ningependa walimu tuzifuate badala ya kuwakaririsha watoto orodha ndefu. Sisi wenyewe tuna paa la nyumba, paa wa porini, ndege anayepaa, na akina mama wanaopaa samaki pale Mwaloni Kirumba, wala hatubabaiki, kwa sababu upatanisho wa kisarufi hutuongoza. Kiingereza hakina msaada huo.

Ukishayatenganisha, mengine hujipanga. "Come to light", yaani kufichuka, ni la upande wa mwanga. "Make light of", kulichukulia jambo kijuujuu, ni la upande wa uzito. Hata mapafu ya mnyama buchani huitwa "lights" kwa wepesi wake. Gumu ni "alight": moto ukiwa "alight" unawaka, lakini abiria aki-"alight" anashuka, kwa kuwa zamani aliyeteremka alimpunguzia farasi mzigo. Neno hilo lina mguu katika kila upande, nami hulifundisha mwisho kabisa.