Kwa harufu ya maji

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimeshinda na Ayubu 14, na mawazo yangu, msinicheke, yamekimbilia kwenye mpira. Tena si mpira wa vigogo. Ni klabu inayoitwa Accrington Stanley, ya mji wa Accrington huko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mji uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya pamba.

Klabu hiyo iliingia Ligi, yaani Football League, ligi ya kulipwa ya Uingereza yenye madaraja kadhaa, mwaka 1921, katika Daraja la Tatu Kaskazini, ikawa na maisha ya wanyonge: leo imeshinda, kesho inakopa. Mwaka 1958 wakanunua jukwaa zima la watazamaji lililokuwa likitumika kwenye maonyesho ya kijeshi Aldershot, mbali kule kusini. Bei yake ilikuwa pauni 1,450. Kulisafirisha na kulisimamisha upya kukala fedha nyingi kuliko hizo. Nikifika hapo humkumbuka yule mjenga mnara wa Luka 14 ambaye hakuketi kwanza akahesabu gharama, ila hilo ni somo la siku nyingine.

Machi 1962, msimu ukiwa bado haujaisha, madeni yakawazidi, wakaandika barua ya kujitoa kwenye Ligi. Punde wakajitokeza watu wa kuwashika mkono, nao wakaomba barua yao irudishwe. Ligi ikakataa. Aliyewahi kutamka neno kwa hofu au kwa hasira, kisha akarudi mbio kulidaka, anaielewa barua ile. Matokeo yao yote ya msimu ule yakafutwa, mabao na pointi, kana kwamba hawakuwahi kukanyaga uwanja. Nafasi yao ikapewa Oxford United. Wao wakajikokota kwenye ligi ndogo mpaka 1966, kisha klabu ikafa.

Sasa Ayubu. "Kwa maana yako matumaini ya mti, ya kuwa ukikatwa utachipuka tena." Aya hii tunaipenda, tunaiandika kwenye kadi na kuibandika ukutani. Lakini soma zinazofuata: huyu mtu hatangazi ushindi. Analalamika. Anauonea mti wivu! Mti una tumaini, asema, lakini mwanadamu hufa, akalala asiinuke. Tumeichukua nusu ya kilio chake tukaifanya pambo. Nami nimefanya hivyo mara nyingi, tena madhabahuni.

Kinachonigusa zaidi ni aya ya tisa. Mti uliokatwa, ambao shina lake limekufa udongoni, utachipuka "kwa harufu ya maji". Hakusema mvua wala mto. Ni harufu tu.

Mwaka 1968 watu wa Accrington walikutana wakaamua kuianzisha tena klabu yao. Walikuwa na nini? Walikuwa na jina. Ligi haikuwepo, timu haikuwepo, na miaka miwili ikapita kabla ya kucheza mechi ya ligi, mwaka 1970, wakianzia kwenye ligi ya mkoa na uwanja mpya. Ukiniuliza kama ni klabu ileile au nyingine, mwanasheria atakujibu kwamba ni nyingine. Muulize mzee aliyekuwa akishangilia kabla ya 1962, naye atakushangaa.

Halafu wakangoja. Ni rahisi kuipita miaka hiyo kwa sentensi moja, lakini watu waliiishi Jumamosi kwa Jumamosi, mvuani, mbele ya watazamaji wachache. Wakati huohuo walikuwa kichekesho cha nchi nzima: tangazo la maziwa la televisheni lilimwonyesha mtoto akisema Ian Rush, mshambuliaji wa Liverpool, amemwambia asipokunywa maziwa atakuja kuishia Accrington Stanley. Mwenzake anauliza, hao ni nani? Anajibiwa kwamba ndiyo hasa maana yake. Nathanaeli naye aliuliza hivyohivyo kuhusu Nazareti.

Mwaka 2006 walitwaa ubingwa wa daraja la tano, lililo chini tu ya Ligi, wakarudi Ligi baada ya miaka 44. Msimu huohuo, mojawapo ya timu mbili zilizoshuka ili kuwapisha wanaopanda ilikuwa Oxford United, wale waliopewa nafasi yao. Mwaka 2018 wakawa mabingwa wa daraja la nne. Mwaka 2023 wakashuka tena humo daraja la nne, maana mpira ndivyo ulivyo.

Kati ya waliokaa kwenye mkutano ule wa 1968, kuna walioondoka duniani kabla ya 2006. Miaka 38 si haba. Hao ndio ninaowafikiria, kuliko wale walioinua kombe. Waebrania 11 inasema juu ya watu waliokufa katika imani wasijazipata zile ahadi, bali wakiziona tokea mbali na kuzishangilia. Kushangilia kitu ambacho hujakipata! Katika ushirika wetu wapo wanaoombea ndoa, mtoto aliyepotea, kanisa lililofungwa mlango, na mwaka unapita juu ya mwaka. Sitawaambia kwamba lazima mtaona 2006 yenu. Ziko klabu zilizokufa zikabaki zimekufa, na Ayubu alijua kuwa mtu si mti. Swali lake la aya ya 14, kama mtu akifa atakuwa hai tena, halikujibiwa siku ile. Alilazimika kulibeba bila jibu, na sisi tunalisoma tukiwa upande huu wa kaburi lililo wazi. Tusimharakishe.

Basi juma hili someni Ayubu 14 yote, msiishie aya ya saba. Sura inakoma mtu akiomboleza nafsini mwake, nayo Biblia imeiacha hivyo.