Klayanti yuko Uingereza, so VAT hakuna? Ngoja kwanza

Juzi kuna dada mmoja anafanya kazi ya kutafsiri kaniuliza, "wewe si klayanti wako wako Uingereza, VAT, hii kodi ya ongezeko la thamani, unalipia nini?" Nikacheka, manake hata mimi nilikuwa najua hivyo hivyo mpaka 2022 iliponiamsha.

Mimi natengeneza websaiti, niko Nairobi, na nilishavuka ile milioni 5 ya mauzo kwa mwaka inayokulazimisha kujisajili kwa VAT, kwa hivyo KRA, wale watoza kodi wa Kenya, wananijua vizuri sana. Zamani ukiuza huduma nje VAT ilikuwa asilimia sifuri, Julai 2021 ikageuzwa ikawa ya msamaha, Julai 2022 tukapigwa 16 kamili (watu wa kol senta wao wakaponea), halafu 2023 tukarudishwa kwa sifuri. Sasa hapo katikati nilikuwa na mkataba na kampuni moja ya Leeds, huko Uingereza, shilingi 400,000, na VAT hatukuitaja popote. Nikawaandikia nataka kuongeza 16, wakanijibu kwa upole kabisa kwamba kwao huduma ikitoka nje mnunuzi anajihesabia mwenyewe VAT ya Uingereza kwenye ritani yake na kuidai hapo hapo, sasa hii ya Kenya wataipeleka wapi? Ikabidi niitoe humo humo ndani, 55,172 hivi. Hiyo ni kodi ya nyumba jamani.

Kitu watu wanachanganya ni hiyo sifuri na msamaha. Kwa invoisi ni kitu kimoja, klayanti halipi VAT yoyote. Lakini nikinunua laptopu ya 116,000, humo ndani kuna VAT 16,000: mauzo yangu yakiwa ya sifuri naidai kwa KRA wanirudishie, yakiwa ya msamaha imekufa na mimi. Na ule mwaka wa msamaha ndio nilinunua mashine mbili, wacha tu.

Halafu pesa kutoka benki ya nje haitoshi. Sheria inataka huduma iwe ya kutumika nje ya Kenya. Websaiti ya duka la Leeds, inayouzia watu wa Leeds, sawa. Lakini mzungu akikulipa pauni umpigie picha za harusi yake Diani, huku pwani ya Kenya, hapo jiandae kwa maswali. Matangazo ndio balaa zaidi, mwenye kulipa yuko ng'ambo, tangazo linaangaliwa Kayole hapa Nairobi, KRA wanasema limetumika hapa, wewe unasema anayefaidika ni yule wa nje, na watu wamefikishana mpaka kotini kwa hiyo tu. Mimi siku hizi mkataba lazima useme kazi itatumika wapi, na VAT ikibadilika nani anabeba.

Nikamuuliza yule dada, hivyo vitabu unavyotafsiri ni vya nani? Akasema ni vya shirika la nje, ila vinagawiwa Turkana. Nikanyamaza kidogo, nikamwambia twende kwa mhasibu wangu, na chai ananunua yeye.