Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni

Hofu zangu za safari nazijua moja moja. Ipo ya pasi: nimeizima au sijaizima? (Nilishawahi kugeuza kutoka Ubungo hadi Tabata kwenda kuiangalia. Ilikuwa kabatini.) Ipo ya kuchimba dawa, inayonifanya nisiguse maji tangu usiku wa kuamkia safari, halafu nifike kichwa kinagonga. Ipo ya dereva kusinzia, ndiyo maana napenda siti ninayoweza kuuona uso wake kwenye kioo. Hizo nimeishi nazo kama mtu anavyoishi na majirani wenye kelele.

Hii nyingine haibishi hodi.

Wiki iliyopita nilipanda basi la Mbeya, saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Magufuli pale Mbezi. Ni zaidi ya kilomita 800, na katikati kuna mlima Kitonga, ile kona baada ya kona, malori ya Zambia yakipanda kwa kujikokota na bonde likikutazama kutoka chini. Tangu Chalinze nilikuwa naiwaza Kitonga tu. Nimejipanga kabisa: tukifika, nafumba macho.

Wala haikuningoja Kitonga. Ilinikuta Mikumi, kwenye tambarare, pale barabara inapokata hifadhi kwa kilomita kama 50. Twiga wawili wamesimama kando, abiria wanachomoa simu wapige picha, kila mtu kafurahi. Mimi moyo ukaanza kwenda mbio kama nakimbizwa. Kifua kikabana. Vidole vikafa ganzi, kisha midomo. Nikawaza: nakufa, na nakufa mbele ya twiga.

Daktari alishanipima moyo mwaka jana, akaniambia mzima. Alinieleza kwamba mwili unakuwa umepiga king'ora bila mwizi. Nikianza kuhema harakaharaka natoa hewa chafu kupita kiasi, na hiyo ndiyo inayoleta ganzi. Nipumue taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa kawaida kilele hupita ndani ya dakika kama 10. Ofisini kwake nilielewa vizuri sana. Ndani ya basi, dakika 10 ni ndefu kuliko hifadhi yenyewe.

Na nikiri jambo: kilichonitesa zaidi hakikuwa kifo, ilikuwa aibu. Kwamba nitapiga kelele, basi lisimamishwe, konda aulize kwa sauti nina tatizo gani.

Mama niliyekaa naye, wa Tukuyu, tulikuwa tumesalimiana tu tangu Mbezi. Akanitazama mikono.

"Mwanangu, una presha?"

"Hapana mama. Ni hofu tu. Hunijia hivi, halafu inapita."

Nilitegemea mahubiri. Au dawa ya mitishamba. Akasema tu, "Basi ngoja ipite," akaufungua mtandio wake na kunipepea nao, huku akiendelea kuangalia nyani nje kana kwamba anapepea moto wa mkaa. Sikuwahi kutamka "ni hofu tu" mbele ya mtu nisiyemjua. Ganzi ilianza kuachia vidole kabla hatujatoka hifadhini.

Ruaha Mbuyuni vijana wakalizunguka basi na vitunguu. Mama akapatana bei kupitia dirishani, basi tayari linaondoka, kijana anakimbia nalo, pesa inapita huku, mfuko wa wavu unapita kule. Akaniwekea mapajani. Vyekundu, vina mavumbi, maganda yananata kwenye suruali.

"Nihesabie," akasema. "Mimi macho yangu hayaoni vizuri." Akajiegemeza, akalala.

Kuhesabu vitunguu ndani ya wavu si kazi ndogo. Unakisogeza kimoja kwa kidole, unakibana pembeni, kona inakuja, vyote vinachanganyika tena. Kimoja navuta pumzi, viwili na vitatu natoa. Nilisikia harufu ya breki za malori yanayoshuka, nikajua tuko wapi. Sikufumba macho, maana ningepoteza hesabu. Moyo ulidunda, ndiyo, mara mbili nilihisi ile baridi ikipanda mgongoni. Nilikuwa kwenye thelathini na kitu.

Mama aliamka tulipokuwa tunakaribia Ilula.

"Vingapi?"

"Hamsini na mbili, mama."

Akaunyanyua mfuko, akaupima kwa mkono, akanirudishia.

"Hesabu tena. Yule kijana alikuwa na haraka."