Nilivyokirudisha kinanda cha kanisa kwenye hali ya kiwandani

Kinanda chenyewe ni Yamaha Motif XF7, chenye tushe 76, yaani vibonye vya kupigia. Toleo la XF lilitoka mwaka 2010 na Yamaha hawalitengenezi tena, kwa hiyo hapa Lubumbashi ukikipata ni kile kilichokwisha kutumika na mwingine. Chetu kilitoka studio moja ya mjini kikaja kanisani Katuba na tabia zote za mwenyewe wa zamani.

Ya kwanza ilikuwa ukimya. Kioo kinawaka, majina ya sauti yanaonekana, unapiga tushe, hakuna kitu. Fundi aliyeitwa alikuja na bisibisi mkononi, tayari kukifungua. Kijana mmoja wa kwaya naye, akiniita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, akanishauri: “Yaya, shika ile tushe ya mwisho ya kuume wakati unawasha, itajirudia yenyewe.” Ushauri huo una ukweli wake, ila ni wa vinanda vya PSR vya Yamaha, vile vya nyumbani. Kwa vinanda hivyo, ukishika tushe ya mwisho kulia huku unawasha, mipangilio iliyohifadhiwa inafutika. Motif ina mlango mwingine.

Nilimwomba Papa fundi asubiri kidogo. Nikaunganisha kompyuta kwa waya wa USB, nikatuma nota kutoka kwenye programu ya kurekodi. Kinanda kikalia vizuri, bila mkwaruzo! Basi, sehemu inayotoa sauti ilikuwa nzima, ila tushe ndizo zilizokuwa zimetenganishwa nayo. Ndivyo wenye studio wanavyofanya: ndani ya UTILITY, kitufe cha mipangilio ya kinanda kizima, kwenye ukurasa wa MIDI, wanazima kitu kinachoitwa Local Control ili kompyuta ndiyo iamue kinacholia. Nikaiwasha, nikabonyeza STORE ili ihifadhiwe, na waimbaji waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakapiga makofi. Wengi wanaoambiwa “fanya reset” wangeishia hapo bila kufuta kitu, na ningewashauri waishie hapo.

Sisi hatukuishia hapo kwa sababu ya zile benki za USER, sehemu ambamo mtumiaji anaweka sauti zake mwenyewe. Do ilikuwa inalia Do diezi, lakini hilo lilikuwa dogo, maana Note Shift, inayopandisha au kushusha nota zote kwa nusu toni, ilikuwa imewekwa +1. Shida ilikuwa sauti zenyewe. Unasoma piano, unasikia matarumbeta upande wa kushoto na filimbi upande wa kulia. Nyingine zilikuwa bubu, na hizo nazo zina sababu: XF inaruhusu kurekodi sampuli zako, lakini zile zinazokaa kwenye kumbukumbu yake ya kawaida zinapotea umeme ukizimwa. Jina la sauti linabaki, mlio wake umekwenda. Mwenye studio alikuwa nazo kwenye diski yake, sisi hatukuwa nazo. Mpiga kinanda anayebadilisha sauti katikati ya ibada hawezi kucheza kamari namna hiyo.

Kabla ya kugusa chochote nilipakua kitabu cha maelekezo cha Kifaransa, kile cha PDF ambacho Yamaha wanakitoa bure. Halafu nikachukua flashi, nikaifomati ndani ya kinanda chenyewe kwa kitufe cha FILE, nikahifadhi kila kitu kwa aina ya faili inayoitwa All. Inatoka na herufi X3A mwishoni. Faili hiyo ina fujo yote ya mwenye studio, lakini fujo iliyohifadhiwa inaweza kuchambuliwa baadaye, na iliyofutwa haichambuliki tena.

Na kweli kulikuwa na cha kuchambua. Niliketi na hedifoni nikapitia benki za USER sauti moja baada ya nyingine. Katikati ya takataka nikakuta moja ambayo mwenye studio aliipa jina la SEBENE 2, kama ile sehemu ya magitaa ya muziki wa Kongo. Ni gitaa. Ukigusa tushe polepole linatoa mlio mkavu, mfupi, kama mpigaji amezuia nyuzi kwa kiganja. Ukipiga kwa nguvu linafunguka na kuimba. Yule bwana alikuwa na sikio! Niliandika jina na namba yake kwenye karatasi.

Kilichonitia hofu zaidi ni umeme. Wakati Motif inaandika kwenye kumbukumbu yake ya kudumu, kitabu kinaonya usiizime kabisa: data zote za mtumiaji zinaweza kupotea, na mfumo wenyewe unaweza kushindwa kuwaka tena. Sasa fikiria mji wetu msimu wa mvua, ngurumo inapiga upande wa Kenya, kile kitongoji cha hapa Lubumbashi, na taa za Katuba zinapepesa. Nilikataa kukirudisha kiwandani jioni ile. Tukaazima inveta na betri kubwa ya gari, tukachomeka kinanda huko, tukaacha umeme wa ukutani ufanye utakavyo.

Kazi yenyewe baada ya hapo ni fupi mpaka inachekesha. Unabonyeza UTILITY, halafu JOB, unaletwa kwenye ukurasa wa Factory Set. Hapo kuna kisanduku kidogo chenye maneno Power On Auto Factory Set. Kiangalie vizuri kuliko kitu kingine chochote. Kikiwa na alama ya tiki, kinanda kitajirudisha kiwandani kila kinapowashwa. Unapanga sauti zako Jumamosi usiku, unahifadhi, unazima, Jumapili asubuhi unawasha na hakuna hata moja. Nadhani vinanda vingi vinavyosemwa “vimesahau” vina tiki hiyo tu. Kisanduku chetu hakikuwa na tiki, nikakiacha hivyo. Kisha ENTER, kinanda kinauliza kama una hakika, unajibu kwa INC/YES, na unaondoa mikono mpaka kiandike kwamba kimemaliza.

Do ikawa Do. Benki za USER zikarudi na sauti za Yamaha wenyewe. Zile za PRESET hazikubadilika, maana hizo ni za kiwandani, hakuna kinachoweza kuandikwa juu yake tangu mwanzo. Mwenye haraka anaweza kupiga hizo tu na kusahau mambo ya USER.

SEBENE 2 niliirudisha peke yake. Kwenye FILE, upande wa Load, ukichagua aina ya Voice badala ya All, unaweza kuingia ndani ya ile faili ya X3A, ukachagua sauti moja, ukaiambia ikae wapi. Niliiweka mwisho wa benki ya USER ambako hakuna anayepita kwa bahati mbaya. Ukichagua All kwa haraka, unarudisha fujo yote na kazi ya mchana mzima inakuwa bure. Baada ya hapo nikahifadhi faili mpya safi, na flashi ikakaa kwenye droo ya ofisi ya pasta, si mfukoni mwa mpiga kinanda yeyote, hata mimi.

Walionipigia simu baadaye wana vinanda vya Korg. Kwa aina ya M50 utafute ndani ya GLOBAL: kwanza uondoe ulinzi wa kumbukumbu, halafu utumie amri ya Load Preload/Demo Data. Kuhifadhi kwanza na kuogopa umeme ni vilevile.

Kuna tushe moja, Sol ya katikati, ambayo bado inalia inapotaka, na hiyo haitokani na mipangilio hata kidogo. Ni mpira wa chini yake umechakaa au umejaa vumbi. Nilimpigia Papa fundi arudi na bisibisi yake.