Nilivyoingia Nyumba ya Mnada Kabla ya Kumaliza Kulipa

Nyundo iligonga, nikalipa amana ya asilimia 25 kwa hundi ya benki, nikapewa siku 90 kumalizia salio. Nyumba iko Buruburu, Nairobi. Aliyeshindwa na mkopo alikuwa bado anaishi humo, mama mmoja na wajukuu wake.

Rafiki zangu waliniambia nibadilishe kufuli usiku. Wakili wangu alikataa katakata. Mwenye nyumba hapati tena haki ya kuikomboa baada ya nyundo, alinieleza, na Sheria ya Ardhi ya 2012 inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema: aliyeonewa na mnada hudai fidia. Lakini kabla sijamaliza kulipa na uhamisho kusajiliwa, mimi si mwenye nyumba, na kuvunja mlango kungempa yule mama sababu nzuri ya kukimbilia mahakamani.

Basi akaiandikia benki barua. Tuliomba niingie mapema endapo waliomo watahama kwa hiari. Nisibomoe wala kujenga chochote, uharibifu wowote uwe juu yangu, na nikishindwa kulipa salio nitoke bila kudai gharama. Jibu lilichukua wiki tatu. Nilisubiri karatasi yenye sahihi. Neno la simu halikunitosha.

Ndipo nikaenda kwa yule mama, nikiwa na mzee wa nyumba kumi. Niliogopa sana mlangoni.

"Mama, sikuja kukufukuza," nilimwambia.

"Mwanangu, sina vita na wewe. Niache watoto wafunge shule."

Nilikubali, na lori la kuhamia nikalilipia mimi. Hakuna sheria iliyonilazimisha, ila naamini lile lori lilinifaa kuliko barua zote.

Siku ya kuhama alipangusa meza ya jikoni, akanionyesha mfereji unaovuja na namba ya mita ya stima, kisha akanipa funguo zilizofungwa kwa kipande cha leso. Tulipiga picha kila chumba, tukaandika kilichomo, tukatia sahihi mbele ya mzee. Bili ya maji ilikuwa na deni. Nililipeleka kwa wakili lijadiliwe na benki.

Nikaweka mlinzi, nikalala humo kwenye godoro tupu. Salio nililipa, kisha ushuru wa stempu wa asilimia 4. Hati ilipotoka kwa jina langu, ndipo nilipomwita fundi aguse ukuta wa kwanza.