Ninavyokadiria takwimu za wapokeaji wa NFL kabla msimu haujaanza

Mpokeaji hajirushii mpira. Nikisema hivyo kazini watu hucheka, maana nani asiyejua? Lakini ikifika Agosti, wiki ya kuchagua wachezaji wa ligi yetu ya fantasi ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ambapo kila mmoja hujipangia timu na kupata pointi kwa wanayofanya wachezaji wake uwanjani, watu wazima wenye akili zao hukaa wakabishana kuhusu kasi ya fulani na mikono ya fulani, bila hata mmoja kuuliza nani atamrushia, na atarushiwa mara ngapi.

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya wazee hapa Minnesota. Ligi yetu ni ya wafanyakazi: Wakenya, Waliberia, Wamarekani wenyewe, na mimi. Hakuna pesa. Atakayeshika mkia anapika siku ya mwisho, na Wakenya wamehakikisha kwamba kupika maana yake ni mbuzi. Nilipoingia nilikuwa nimetoka kwenye fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo nyumbani Dar kila kijana na shemeji yake anaicheza, kwa hiyo habari ya pointi haikuwa ngeni. Mchezo wenyewe ndio ulikuwa mgeni. Timu ina nafasi nne za kusogea yadi kumi, mrushaji, yaani kwotabeki, anaamua ampe nani, na mpokeaji anakimbia njia aliyopangiwa akitarajia mpira utamkuta. Kwetu kila pasi iliyodakwa ni pointi moja, kila yadi kumi ni pointi moja, na tachidauni, yaani kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi sita.

Njia wanayoitumia wengi ni kuchukua takwimu za mwaka jana na kuziandika upya kama za mwaka huu. Ni rahisi, na ndiyo inayowaponza. Chukua Cooper Kupp. Mwaka 2021 akiwa na Los Angeles Rams alidaka pasi 145 kwa yadi 1,947 na tachidauni 16, akaongoza ligi nzima kwa vyote vitatu. Mwaka uliofuata alicheza mechi 9 tu kabla ya kifundo cha mguu kumtoa, akaishia na yadi 812. Watu husema ni jeraha. Kweli, lakini hebu gawanya: 812 kwa mechi 9 ni kama yadi 90 kwa mechi, wakati mwaka wa maajabu zilikuwa zaidi ya 114. Hata angecheza mechi zote 17 kwa mwendo huo angefika yadi 1,530 hivi. Ule wa 2021 ulikuwa mwaka wa kilele, na baada ya kilele ni mteremko.

Kwa hiyo naanza na timu, jina la mchezaji baadaye. Swali langu la kwanza: timu hii itarusha mara ngapi msimu mzima? Nyingi huangukia kati ya mara 500 na 650. Kocha anayependa kukimbiza mpira, yaani mchezaji aubebe na kukimbia nao badala ya kurushwa, huvuta chini. Ulinzi mbovu huvuta juu, maana timu iliyo nyuma kwa pointi 14 haina muda wa kukimbiza mpira, inarusha tu. Hapo huwa natumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikiangalia kocha wa mashambulizi ni yule yule au ameletwa mpya, na huko alikotoka alikuwa anafanya nini.

Swali la pili ni mgawo. Kati ya pasi hizo, ngapi zitamwendea nani, zidakwe zisidakwe? Hii ndiyo namba ninayoiamini kuliko zote. Na hapa Excel inakutia adabu, kwa sababu jumla haiwezi kupita mia. Ukijaza kwa mapenzi, huyu umpe asilimia 28, yule 24, huyu mwingine kijana anakuja vizuri mpe 20, mara unakuta umegawa asilimia 115 na wakimbiaji hujawapa kitu. Ni kama sinia la pilau lenye wageni waliokaa tayari: ukimwongezea mmoja nyama, kuna mwenzake umempunguzia, hata kama hukukusudia. Sheria yangu ni kwamba sipandishi mtu kabla sijamtaja nitakayemshusha.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa hapa hapa, Justin Jefferson wa Minnesota Vikings, kabla ya msimu wa 2024. Kila mtu alikuwa anamkwepa. Kirk Cousins, mrushaji wake wa miaka yote, alikuwa amehamia Atlanta. J.J. McCarthy, kijana waliyemchagua kuchukua nafasi, aliumia goti Agosti hata msimu haujaanza. Akabaki Sam Darnold, aliyekuwa amepita New York Jets, Carolina na San Francisco bila kuacha sifa. Mkenya mmoja wa zamu yetu aliniambia, "Dada, ukimchukua Jefferson na huyo Darnold, anza kutafuta mbuzi mapema."

Nikarudi kwenye jedwali. Mwaka 2021 Jefferson alielekezewa pasi 167, na 2022 zikawa 184. Miaka yote miwili ni asilimia 27 na ushee ya pasi za timu, utadhani kuna mtu anampimia kwa kibaba. Mwaka 2023 msuli wa paja ulimweka nje mechi saba, lakini katika 10 alizocheza alielekezewa pasi 100. Na mwaka huo huo Cousins alikatika kano ya kisigino mwezi Oktoba, timu ikaanzisha warushaji wanne tofauti kwa msimu mmoja, na bado ikarusha zaidi ya mara 600. Mechi ya mwisho, dhidi ya Detroit, mrushaji akiwa Nick Mullens, Jefferson alipata yadi 192. Hilo liliniambia kwamba kocha Kevin O'Connell harushi kwa sababu ya Cousins. Anarusha kwa sababu ndiyo imani yake, na mpira unamtafuta Jefferson awe nani aliyeushika.

Basi nikaandika hivi. Timu itarusha mara 580, pungufu ya zamani kwa sababu ya mashaka ya mrushaji. Jefferson apate asilimia 27, ambazo ni pasi 157. Nikatoa mechi moja ya majeraha, zikabaki 148. Adake asilimia 65, yaani 96. Kila anayoidaka impe yadi 14.5, jumla 1,392. Tachidauni, kwa historia yake ya moja kwa kila pasi 13 anazodaka, 7.

Msimu ulipoisha alikuwa ameelekezewa pasi 154, akadaka 103 kwa yadi 1,533 na tachidauni 10. Darnold alirusha yadi 4,319 na tachidauni 35, Vikings wakashinda mechi 14. Nilimpunja Jefferson, lakini nilikuwa nimemweka juu kuliko wenzangu karibu wote, na kwenye ligi ya kuchagua hilo ndilo linalolipa. Huhitaji kupatia namba, unahitaji kuwa karibu nayo kuliko anayechagua baada yako.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa ndani ya hesabu. Darnold alirusha mara 545, si 580 zangu. Jefferson akapata asilimia 28, akacheza mechi zote, akadaka kwa asilimia 67. Yaani pasi za timu zilikuwa chache kuliko nilivyodhani, mgawo ukawa mkubwa kidogo, mechi zikawa nyingi, na mambo haya yakafutana hadi 148 yangu ikasogea karibu kabisa na 154. Ukiangalia jumla peke yake unajipongeza. Ukifungua vipande unaona ni kipi cha kurekebisha mwakani. Tangu hapo nahifadhi kila kipande, na Januari nakaa nacho upya kabla sijasahau nilikuwa nafikiri nini.

Tachidauni ni habari nyingine kabisa. Hapo ndipo wengi hupoteza msimu, kwa sababu ndizo zenye pointi nyingi na ndizo zisizotabirika. Calvin Johnson wa Detroit alifunga 16 mwaka 2011. Mwaka 2012 akaweka rekodi ya ligi ya yadi 1,964, akafunga 5. Mwaka 2013 yadi zikashuka hadi 1,492, tachidauni zikapanda hadi 12. Mtu yule yule, mikono ile ile. Diontae Johnson wa Pittsburgh mwaka 2022 alielekezewa pasi 147, akadaka 86, hakufunga hata moja. Upande wa pili kuna Terry McLaurin wa Washington. Mwaka 2023 alidaka pasi 79 kwa yadi 1,002 na tachidauni 4. Mwaka 2024, akirushiwa na Jayden Daniels aliyekuwa mgeni kwenye ligi, yaani msimu wake wa kwanza, akadaka 82 kwa yadi 1,096 na tachidauni 13. Kwa kudaka hakubadilika sana, lakini tachidauni tisa za ziada ni pointi 54 kwetu, na hizo zinatosha kumwokoa mtu na mbuzi.

Ninachofanya ni kutomwandikia mtu yeyote zaidi ya tachidauni 12, hata Ja'Marr Chase wa Cincinnati. Najua Chase mwaka 2024 alifunga 17 na kuongoza ligi kwa pasi 127 na yadi 1,708 pia. Sawa, huyo nitamkosea. Lakini kwa kila Chase mmoja ninayempunja, wapo kadhaa ambao wenzangu wamewapa 13 na wanaishia na 6. Na aliyefunga nyingi mwaka jana kwa pasi chache namshusha bila huruma. Aliyefunga chache huku mpira ukimwendea mara 140, huyo namnyemelea.

Majeraha hayatabiriki, ila yanaweza kuwekewa nafasi. Kila mpokeaji namtoa mechi moja, aliyezoea kuumia namtoa mbili au tatu. La mrushaji kuumia ni gumu zaidi. Garrett Wilson wa Jets mwaka 2023 alimsubiri Aaron Rodgers kama mvua, na Rodgers akakatika kano ya kisigino katika mechi ya kwanza mpira ukiwa umeanzishwa mara nne tu akiwa uwanjani. Wilson alielekezewa pasi 168 mwaka huo, akaambulia yadi 1,042. Pasi zilikuwepo, ubora wake ndio haukuwepo. Kwa sababu hiyo kila jina lina safu tatu: ya kawaida, ya neema, na ya mrushaji akianguka. Wakati wa kuchagua, wawili wakilingana kwenye ya kawaida, naangalia ya tatu. Timu yenye mrushaji wa akiba mwenye uzoefu hupata alama kidogo.

Wageni wa ligi nawagusa kwa haraka, kwa kuwa hawana historia ya kupigia hesabu. Mzee mmoja ninayemhudumia hunikumbusha kila mwaka habari za Randy Moss, aliyefunga 17 akiwa mgeni hapa Minnesota mwaka 1998, na mimi humwambia wa hivyo hazaliwi kila mwaka. Mwaka 2023, timu zilipochagua vijana wa vyuoni, Puka Nacua alichukuliwa raundi ya tano na Rams, nafasi ya 177, akadaka pasi 105 kwa yadi 1,486, rekodi za wageni wakati huo. Hakuna jedwali lililokuwa naye. Kilichomfungulia mlango ni kwamba Kupp alianza msimu akiwa majeruhi, pasi zikakosa mwenyewe. Kwa hiyo kwa wageni naangalia nafasi iliyo wazi, sifa za chuo naziweka kando.

Na nafasi iliyo wazi ndiyo iliyonitesa Agosti ya 2025. Seattle walikuwa wamemwachia DK Metcalf aende Pittsburgh, na Tyler Lockett alikuwa ameondoka. Mwaka 2024 hao wawili walielekezewa pasi 182. Geno Smith, mrushaji wao, naye hakuwepo tena, mrushaji mpya alikuwa Darnold yule yule. Alibaki Jaxon Smith-Njigba, aliyekuwa amedaka 100 kwa yadi 1,130, na pembeni yake walimleta Kupp, aliyekuwa na umri wa miaka 32. Kila mtu aliona pasi 182 akakimbilia kumpandisha kijana. Mimi niliona pia kocha mpya wa mashambulizi wa wakati huo, Klint Kubiak, anayependa kukimbiza mpira, kwa hiyo niliipa timu mara 510 tu. Asilimia 28 kwa Smith-Njigba, mechi 16, adake asilimia 70, yadi 12 na kidogo kila moja. Ilitoka 1,150 hivi, na safu ya neema ilifika 1,350.

Yule Mkenya wa zamu yetu alilichungulia jedwali mapumzikoni, akasema nimembana mtoto wa watu. Nilimwambia anionyeshe ni pasi za nani nimpokonye nimpe. Alitaja Kupp. Jumapili ilikuwa siku ya kuchagua, na yeye alikuwa anachagua kabla yangu.