Honi za Kilindini

Juzi binti yangu alinipokonya simu nikiwa nasikiliza muziki. Akaitazama picha iliyokuwa kwenye kioo, mtu aliyefunika uso kwa chuma, akaniuliza: "Baba, huyu naye alikuwa na Korona?"

Nilicheka mpaka mamake akachungulia kutoka jikoni. Lakini usiku, nyumba ilipotulia, swali likanirudia. Maana habari za mtu yule zilitufikia mwaka ule ule wa barakoa, tarehe 31 Desemba 2020, tukiwa darini kwa Mjomba kule Majengo, Mombasa, watu watatu na dele moja la kahawa.

Darini kwa sababu ya kafyu. Ikigonga saa nne usiku barabara si yako tena mpaka saa kumi alfajiri, na baraza ya Mjomba iko barabarani kabisa, ukinyoosha mguu umemkwaza mwenye bodaboda. Kwa hivyo mikeka ilipandishwa juu, ikatandikwa kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Mjomba alipanda akilalamikia kila kidato. Swahibu, aliyekuwa keshaamua kuwa Likoni harudi usiku ule, alibeba viazi karai kwenye gazeti. Mimi nilibeba kahawa, kazi ya mdogo hata akiwa na mvi.

Saa sita ilikuwa inakaribia simu ya Swahibu ilipowaka. Akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akasema, "Uwongo."

MF DOOM, yule rapa wa kinyago cha chuma, amekufa, na si leo. Amekufa tangu tarehe 31 Oktoba, akiwa na miaka 49, na mkewe ndiye aliyeandika. Miezi miwili mtu yuko kaburini, na Swahibu kila asubuhi yumo kwenye feri, barakoa ya kitambaa usoni, DOOM masikioni, hana habari.

"Uwongo," akasema tena. "Huyu hana kuaminika. Huyu aliwahi kutuma mtu mwengine jukwaani na kinyago chake, watu washalipa, mwenyewe hayuko. Atashindwa kutuma mtu wa kufa?"

Nilitaka kucheka, nikaona machozi yanamlenga.

Kwa wasiomjua, nitakwenda mbio. Alianza akiwa kijana, na mdogo wake, kundi lao likiitwa KMD. Mwaka 1993 mdogo mtu akagongwa na gari, akafa. Muda si muda kampuni ikakataa kuitoa albamu yao ya pili, ikamwachia aende zake. Miaka ikapita hasikiki. Aliporudi, alirudi na soksi ya kike kichwani, akifoka kwenye mkahawa wa washairi kule New York, Nuyorican. Chuma kilikuja baadaye. Mwaka 1999 akatoa albamu kwa kampuni ndogo, na 2004 yeye na Madlib, mtengeneza midundo, wakatoa albamu ya Madvillainy, vipande 22 ambavyo vyote pamoja havifiki saa nzima.

Kilichomgusa Swahibu zaidi, hata hivyo, ni mambo ya kipande, yaani kitambulisho. DOOM alizaliwa London, akakulia Marekani bila ya kuwa raia wa huko. Mwaka 2010, akitoka ziara ya Ulaya, akazuiliwa kurudi, akabaki Uingereza mpaka mauti. Swahibu aliyeambiwa alete karatasi za babu yake ndipo apewe kitambulisho cha nchi aliyozaliwa, aliisikia hadithi hiyo kama ya mtaa wa pili.

"Ni nani aliyefariki?" Mjomba akauliza. "Ni mwenzenu wa chuoni?"

"La, Mjomba. Ni mtunzi."

Hapo akaweka kikombe chini. "Mtunzi? Nipani nimsikie."

Spika ingeamsha majirani, na majirani wangeleta askari. Swahibu akatoa visikizio vyake, waya mmoja umefungwa plasta ya kidonda. Mjomba akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akatia kimoja kwenye sikio la kulia, lile zima. Akafumba macho. Kiingereza cha Mjomba ni cha gatini, cha kuhesabu magunia, kwa hivyo sikutarajia kitu. Tulikaa tukimtazama mzee wa miaka sabini na kitu akisikiliza rapa, mwanga wa simu umempiga ndevuni, nyuma yake shuka zinapepea, na mbali taa za kreni za bandarini.

Kidole chake kikaanza kugonga goti. Kikagonga, kikasita, kikarudi nyuma, kikagonga. Nilijua anafanya nini. Ndivyo alivyotusomesha mizani tulipokuwa wadogo, nane kwa nane, kwa kugonga goti, na ukikosea goti linalogongwa ni lako.

"Huyu hafuati mizani," akasema, macho bado yamefumba.

Swahibu akainama kama aliyekanywa yeye.

"Lakini ana vina vya kati. Sikiza. Hiki. Na hiki. Hajafika mwisho, bado yuwafunga tu." Akanyamaza, kidole kikiendelea. "Kibwagizo ki wapi?"

"Hana, Mjomba. Nyimbo nyingi hana."

"Hana?" Akafumbua macho. "Basi hataki kuitikiwa."

Nimesoma makala nyingi za watu waliosomea mambo hayo, na sijaona aliyelisema kwa maneno machache zaidi.

Kisha, kama tulivyojua, akaingia kwa Muyaka, malenga wa zamani wa Mombasa. Kwa Mjomba njia zote zaishia kwa Muyaka bin Haji, aliyekufa yapata 1840 bila kuacha kitabu. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu wa mji huu mpaka akina Mwalimu Sikujua walipoyakusanya mwishoni mwa karne ile (aliyejua ndiye aliyeitwa Sikujua, na sichoki kulifurahia hilo), na diwani ikachapwa 1940. "Miaka mia," Mjomba akasema. "Na hakuna aliyelia darini. Nyinyi miezi miwili tu mwalizana." Kisha akamgeukia Swahibu. "Na wewe, vyako vi wapi?"

Swali hilo hatukuwa tukiliuliza. Swahibu alifoka zile enzi ambazo kundi la rapu la Ukoo Flani lilikuwa limetuonyesha kwamba mtu wa Mombasa aweza kusimama na Kiswahili chake na akasikizwa mpaka Nairobi. Alitoa CD moja, nakala 50, alizichoma mwenyewe, jalada fotokopi. Mtangazaji mmoja akataka kitu kidogo ndipo aipige; Swahibu akamjibu kidogo hana na kikubwa hatoi. Hadithi ikaishia hapo. Siku hizi ni karani wa kutoa mizigo bandarini na anavaa tai.

Akasimama. Barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni. Akaivuta juu mpaka puani. Sijui kama alifanya makusudi. Akaanza.

Nilishika mstari wa kwanza tu, wa kivuko kisicho na nahodha, kisha bandari ya Kilindini ikalia. Saa sita. Meli moja, halafu zote, honi ndefu zile za kila mwaka ambazo huzisikii kwa masikio, wazisikia kifuani. Mbwa wakajibu. Watoto wa nyumba ya pili wakapiga sufuria. Swahibu hakusimama wala hakupaza sauti. Nilikuwa nikiona kitambaa kikiingia na kutoka mdomoni, kikiingia na kutoka, na kidole cha Mjomba juu ya goti. Mimi? Simu ilikuwa mkononi, chaji tele, nikainua nikarekodi mbingu.

Honi zilipokwisha, naye alikuwa amekwisha.

"Pale kati umepunguza mizani moja," Mjomba akasema.

"Najua," Swahibu akasema, akakaa, akachukua kiazi.

Mpaka leo sijui kama Mjomba alisikia au alibahatisha. Sikio la kushoto lilikuwa halimfai, na ndilo lililoelekea kwa Swahibu. Sikumuuliza, na mwaka uliofuata hakuwako wa kuulizwa. Nilimuuliza Swahibu mara moja, tukiwa kwenye foleni ya feri. Akasema kilikuwa cha usiku ule.

Video ninayo. Sekunde hamsini na tatu za giza na honi. Juzi nilimwekea binti yangu, nikijiambia namjibu swali lake la Korona. Akaiweka sikioni.

"Nasikia meli."

Akairudia bila kuambiwa.

"Kuna mtu asema kitu huku chini. Ni nani?"

Nikamwambia ni amu yake wa Likoni.

"Mwambie aseme tena."

Nilimpelekea Swahibu ujumbe huo kama ulivyo, Jumanne. Tiki zishakuwa buluu.